Kompyuta inachonga taji la jino kwa siku moja, lakini jino lako litadumu?

Lilikuwa jiwe dogo tu kwenye githeri, ndani ya kibanda cha chakula karibu na stendi ya matatu. Nikasikia kitu kimelia kwap! Nikadhani jiwe limevunjika. Kumbe ni jino langu.

Jino lenyewe, gego la chini upande wa kushoto, lilikuwa limetibiwa mzizi miezi 14 kabla ya siku hiyo. Nililipa Sh12,000, hela niliyochanga kwa miezi mitatu. Daktari alitoa neva iliyooza, akasafisha mizizi, akaijaza dawa, kisha akaziba juu kwa kijazo cha muda. Akaniambia, “Rudi baada ya wiki mbili tuweke taji.” Pale mapokezi nikauliza taji ni pesa ngapi. Nikaambiwa Sh30,000. Nikasema sawa, nitarudi.

Sikurudi. Maumivu yalikuwa yameisha, na kodi ya nyumba ilikuwa inaningoja. Nikajiambia kama jino haliumi, basi limepona. Hakuna aliyeniketisha chini akanieleza kwamba matibabu yale yalikuwa nusu ya kazi. Siku ile ya githeri jino lilipasuka katikati hadi chini ya ufizi, na daktari wa pili hakuwa na lingine la kufanya ila kuling’oa.

Nimeanza na kisa changu kwa sababu siku hizi ukifungua TikTok au Instagram hukosi kuona kliniki ya meno ikijigamba kuhusu “taji la siku moja”. Unaona kalamu yenye kamera ikizungushwa mdomoni, meno yanatokea kwenye skrini kama mchezo wa kompyuta, kisha mashine inachonga jino la kauri huku maji yakiruka. Asubuhi unaingia na shimo, jioni unatoka ukitabasamu. Kwa kijana wa mjini asiye na muda wa kuomba ruhusa kazini mara tatu, hii ni habari tamu.

Lakini swali ambalo matangazo hayajibu ni hili: jino lililotibiwa mzizi, likivikwa taji lililotengenezwa na kompyuta, linadumu kweli? Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi linadumu miaka mingi. Jibu refu ni kwamba linadumu kwa sababu ambazo mashine inachangia kwa sehemu ndogo tu. Tukilielewa hilo, tutajua pesa zetu ziende wapi kwanza.

JINO HALIVUNJIKI KWA SABABU NEVA IMETOLEWA

Mtaani kuna imani kwamba ukitibiwa mzizi, jino “linakufa”, linakauka kama kuni, na ndiyo maana linavunjika. Watafiti walilipima jambo hili zamani. Mwaka 1989 kundi la watafiti nchini Marekani lilichukua meno yaliyong’olewa na kupima jinsi ugumu wake unavyopungua kila yanapokatwa. Shimo dogo la kufikia mizizi lilipunguza ugumu wa jino kwa asilimia 5 tu. Lakini kingo mbili za pembeni zilipokatwa, zile zinazoshikilia jino kama ukanda unavyoshikilia suruali, ugumu ulipungua kwa asilimia 63.

Kwa hivyo tatizo ni ukuta uliobaki, si neva iliyotoka. Jino linalofika kwenye hatua ya kutibiwa mzizi huwa tayari limeliwa na wadudu pande mbili au tatu. Lilishazibwa mara moja au mbili, na kila mara kipande kingine kilikatwa. Sasa fikiria nyumba iliyobomolewa kuta za ndani ikabaki na kuta nyembamba za nje, halafu ukaweka tangi la maji juu yake. Gego ndilo linalobeba mzigo huo. Kila ukitafuna muwa, mahindi ya kuchoma au nyama ngumu ya Jumapili, kuta zile zinasukumwa kutoka ndani kwenda nje. Siku moja zinaachana.

Kazi ya taji ni kuzikumbatia kuta hizo zisiachane. Ni kofia ngumu inayofunika jino lote hadi karibu na ufizi. Haijalishi sana kama kofia imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Kinachohesabiwa kwanza ni kama ipo, na kama kuna jino la kutosha chini yake la kushikilia. Madaktari hutaka angalau milimita moja na nusu hadi mbili za jino zima juu ya ufizi, kuzunguka pande zote, ili taji lishike. Pasipo ukingo huo, hata taji ghali kuliko yote ni kofia iliyovalishwa kijiti.

TAKWIMU ZINASEMAJE?

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliotumia rekodi za bima ya meno nchini Marekani. Ulifuatilia meno 1,462,936 yaliyotibiwa mzizi. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Kwa kitu ambacho watu wengi wanakiita kupoteza pesa, matokeo hayo si haba.

Lakini angalia yale yaliyong’olewa. Watafiti walipoyachunguza, asilimia 85 ya meno hayo hayakuwa na taji. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulipata kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa taji yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yale yaliyovikwa.

Hapa tusikimbie. Takwimu hizi hazimaanishi taji ndilo lililofanya kazi yote. Daktari mwenye akili havishi taji la maelfu kwenye jino analoona linakufa, kwa hivyo meno yenye taji huenda yalikuwa mazima zaidi tangu mwanzo. Pia watu wa ule utafiti wa 2004 walikuwa na bima, na mwenye bima hurudi kliniki mapema. Hata ukitoa hayo yote, tofauti ya mara sita ni kubwa mno kupuuzwa.

Kuna sababu ya pili ya kufunika jino, nayo ni bakteria. Kijazo cha muda kimetengenezwa kukaa wiki chache. Kinaliwa polepole, mate yanapenya, na mizizi iliyosafishwa inaanza kuoza upya bila wewe kuhisi chochote, maana neva haipo tena ya kukupigia kelele. Mwaka 1995 watafiti wa Philadelphia walisoma picha za eksirei za meno 1,010. Pale mizizi ilipotibiwa vizuri na juu pakazibwa vizuri, asilimia 91 ya meno hayakuwa na uvimbe kwenye ncha ya mzizi. Pale mizizi ilipotibiwa vizuri lakini juu pakazibwa vibaya, idadi ilishuka hadi asilimia 44.

Utafiti wa Norway uliofuata mwaka 2000 haukukubali kila kitu. Wenyewe ulipata kwamba ubora wa kazi ya ndani ya mizizi una uzito zaidi kuliko kifuniko. Wataalamu wamebishana juu ya hilo kwa miaka. Ila tafiti zote mbili zilikubaliana kwenye jambo linalotuhusu sisi wenye meno: yanayofanya vizuri zaidi ni yale yaliyofanyiwa kazi zote mbili ipasavyo. Nusu ya kazi ni nusu ya kazi.

MASHINE ILIANZIA ZURICH

Watu wengi wanadhani teknolojia hii ni ya juzi. Sivyo. Daktari wa meno Werner Mörmann wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, alishirikiana na mhandisi Marco Brandestini kuunda mashine iitwayo CEREC. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwayo mwaka 1985. Wazo lao lilikuwa rahisi: badala ya kumjaza mgonjwa mdomoni ule unga laini kama uji mzito ili kupata umbo la meno, piga picha kwa kamera, chora jino kwenye kompyuta, kisha mashine ichonge kipande cha kauri hapo hapo kliniki.

Miaka 40 baadaye, mashine zimekuwa kali zaidi. Madaktari kwa kawaida hukubali pengo lisilozidi mikroni 120 kati ya taji na jino, yaani karibu unene wa karatasi. Mataji mengi ya dijitali ya leo yanafikia kiwango hicho. Kauri zenyewe zimekuwa ngumu, hasa zirkonia, ambayo haivunjiki ovyo.

Kompyuta pia ilileta aina mpya ya taji kwa meno yaliyotibiwa mzizi. Zamani daktari alipigilia nguzo ndani ya mzizi ili kushikilia taji. Nguzo hiyo haiongezi nguvu ya jino, na kuchimba nafasi yake kunaweza kuudhoofisha mzizi. Siku hizi, badala ya nguzo, taji linaweza kuchongwa likiwa na mguu mfupi unaoingia kwenye chumba kilichokuwa na neva, na lote likagundishwa kama kipande kimoja.

Linadumu? Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya mataji 65 yaliyochongwa kwa CEREC na kufuatiliwa hadi miaka 12. Yale ya mguu mfupi yaliyowekwa kwenye magego makubwa yalifaulu kwa asilimia 90.5. Yaliyowekwa kwenye magego madogo ya katikati yalifaulu kwa asilimia 75 tu. Sababu inaeleweka: gego dogo lina nafasi ndogo ya gundi kushika, na husukumwa zaidi kutoka ubavuni.

Lakini msomaji makini auliza maswali. Mataji 65 ni machache. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo alikuwa Mörmann mwenyewe, mtu aliyeivumbua mashine. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo, ila linakukumbusha kwamba kazi ya mikono yenye uzoefu huko Uswisi si lazima ifanane na ya kliniki iliyonunua mashine mwezi jana.

Pia kuna kitu ambacho matangazo huchanganya. Kudumu kwa taji na kudumu kwa jino si jambo moja. Taji likibanduka, daktari analisafisha na kuligundisha tena, na maisha yanaendelea. Mzizi ukipasuka, mambo yamekwisha, kama yalivyokwisha kwangu. Ukiambiwa “taji letu haliwezi kuvunjika”, uliza: na jino je?

FAIDA YA KWELI NI SIKU MOJA

Sasa, kama mashine haibadilishi sana ugumu wa jino, inatusaidia nini sisi? Mimi naona faida yake kubwa ni ileile inayotangazwa, ila kwa sababu tofauti. Siku moja si raha tu. Siku moja inafunga ule mlango ambao wengi wetu tunatorokea.

Fikiria safari ya kawaida. Unatibiwa mzizi, labda mara mbili. Unarudi jino lichongwe. Umbo linapelekwa maabara, unasubiri. Unarudi kuvikwa taji. Kila safari ni nauli, ni ruhusa kazini, ni siku ambayo mjasiriamali wa nguo za mitumba hafungui kibanda. Na maumivu huwa yameisha tangu siku ya kwanza. Katikati ya safari hizo ndipo meno yanapotea. Kama jino linaweza kuvikwa taji siku ileile mizizi inapokamilika, hakuna kijazo cha muda cha kusahau.

Hata hivyo, elewa kwamba “dijitali” si lazima iwe “siku moja”. Kliniki nyingi zina skana lakini hazina mashine ya kuchonga, kwa kuwa seti nzima hugharimu mamilioni ya shilingi. Zinapiga picha kisha zinatuma faili maabara, na unasubiri siku kadhaa. Hakuna ubaya. Taji hilo linaweza kuwa zuri sawasawa, au hata zuri zaidi kama fundi wa maabara ni hodari. Ubaya ni kulipia bei ya siku moja ukangoja wiki mbili na kijazo cha muda mdomoni.

Na si kila jino linahitaji taji. Jino la mbele lililopoteza kipande kidogo mara nyingi linatosheka na kijazo kizuri cha kudumu. Anayekuuzia taji kwa kila jino, muulize kwa nini.

HESABU YA MFUKO

Hapa ndipo suala la jino linapokuwa suala la umma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulipata kwamba asilimia 34.3 ya watu wazima nchini walikuwa na meno yaliyooza, yaani mmoja kati ya kila watatu. Wengi huenda hospitali jino likishawanyima usingizi, na kwa asiye na hela, jibu la haraka ni koleo.

Nilipiga hesabu yangu nikiwa nimechelewa. Sh12,000 za mzizi na Sh30,000 za taji ni Sh42,000. Taji likidumu miaka 10, ni Sh4,200 kwa mwaka, au Sh350 kwa mwezi. Hiyo ni bando la intaneti. Nilichofanya mimi ni kulipa Sh12,000 kwa miezi 14, halafu nikalipia kung’olewa, na sasa nina pengo. Wanaosema maskini hununua ghali hawakukosea.

Lakini si haki kumlaumu kijana peke yake. Tatizo ni kwamba Sh350 kwa mwezi hazipo. Kuna Sh30,000 kwa mpigo, au hakuna taji. Kliniki nyingi huweka bei ya mzizi peke yake na bei ya taji peke yake, kana kwamba ni bidhaa mbili tofauti. Mteja ananunua ya kwanza akiamini amemaliza. Kama kliniki zingetaja bei ya jino zima tangu siku ya kwanza na kumruhusu mtu kulipa polepole kwa M-Pesa, kama tunavyolipia simu, meno mengi yangeokoka bila mashine mpya hata moja.

Bima nazo zina lao. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Wengine wana bima ya kazini yenye kikomo cha meno kwa mwaka. Katika mijadala yote kuhusu makato hayo, sijasikia swali hili likiulizwa kwa sauti: kuna maana gani bima kulipia matibabu ya mzizi halafu ikaacha jino bila kifuniko? Ni kama kulipia injini mpya ya matatu kisha ukakataa kununua boneti. Anayetunga vifurushi vya bima angepaswa kuhesabu mzizi na taji kama tiba moja. Kwa muda mrefu anaokoa pesa, maana pengo nalo lina gharama yake. Nilipouliza bei ya kupandikiziwa jino jipya, nilicheka nisije nikalia.

KABLA HUJALIPA

Kama jino linakusumbua, au kama wewe ni mmoja wetu tuliotibiwa mzizi tukapotelea mjini, uliza haya.

Kwanza, nimebaki na jino kiasi gani juu ya ufizi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kama jibu ni “karibu hakuna”, omba maoni ya daktari wa pili kabla hujatoa hata shilingi.

Pili, bei ya kazi yote ni ngapi, kuanzia mzizi hadi taji? Usikubali kupewa nusu.

Tatu, taji ni la kitu gani? Kauri ngumu na zirkonia ni za kudumu. Mengine yanayochapishwa kwa resini yametengenezwa kuwa ya muda tu. Kwa macho yote yanaonekana meupe.

Nne, likibanduka au likivunjika, mnanisaidiaje, na kwa muda gani?

Tano, hakikisha aliye mbele yako ni daktari kweli. Baraza la KMPDC lina orodha mtandaoni ya waliosajiliwa. Kuitafuta ni dakika mbili. Mwenye mashine ya kisasa bila leseni ni fundi wa picha tu.

Na ukishavikwa taji, kazi haijaisha. Kauri haiozi, lakini ule mpaka kati ya kauri na jino unaoza. Piga mswaki pale, pitisha uzi, na usifungue soda kwa meno, hata kama mbogi yako yote inakutazama.

Mimi nina gego jingine, la juu upande wa kulia, ambalo daktari amesema linahitaji kutibiwa mzizi. Safari hii sikuuliza bei ya mzizi. Niliuliza bei ya jino zima. Daktari akaniandikia kwenye karatasi moja: mzizi, eksirei, taji. Bado nachanga. Sitaanza hadi zitimie, na kwa sasa natafunia upande wa kushoto, ule wenye pengo.